Asili ya neno cane: kutoka tete la mtoni hadi muwa, bakora na kanuni

MLETA UZI

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimefungua uzi huu ili tujadili neno moja la Kiingereza ambalo huwasumbua watafsiri na walimu kuliko linavyoonekana, nalo ni cane. Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utakuta limewekewa visawe kama fimbo, bakora, muwa, mwanzi na henzerani, vimepangwa mstari mmoja na kutenganishwa kwa mkato, bila maelezo ya kwa nini neno moja libebe mmea tunaoutafuna, kifaa anachotembelea mzee, adhabu ya shuleni na malighafi ya kusukia viti. Hoja yangu ni kwamba maana hizo hazikukusanyika kwa bahati. Zote zimetoka kwenye mmea mmoja unaoota kandokando ya maji, na neno lenyewe tunalo katika Kiswahili tangu zamani, ila lilitufikia kwa njia nyingine na kwa maana nyingine, kwa hiyo hatulitambui.

Kiingereza kililipokea neno cane kutoka Kifaransa cha kale katika karne ya 14. Kifaransa kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini, canna, na Kilatini kililichukua kwa Wagiriki, waliosema kanna. Wagiriki nao hawakulibuni. Walilipata kwa watu wa Mashariki ya Kati waliozungumza lugha za Kisemiti, na huko ndiko lilikokuwa na wenyewe. Katika Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, lilikuwa qanu; katika Kiebrania ni qaneh; katika Kiaramu ni qanya; katika Kiarabu ni qanah. Wapo wataalamu wanaolirudisha nyuma zaidi hadi kwa Wasumeri, watu waliotangulia katika nchi hiyo ya Babeli, ambao waliliita tete gi. Maana ya msingi katika lugha hizo zote za kale ni ileile: tete, yaani lile jani kubwa lenye shina gumu linaloota mtoni na kwenye mabwawa.

Ili kuelewa kwa nini tete lilipata heshima hiyo, ni lazima tuitazame nchi lilikotoka. Bonde la mito Tigris na Euphrates, ambalo leo ni Iraki ya kusini, ni maskini wa mawe na wa miti ya mbao, lakini lina mabwawa yenye matete marefu kupita kimo cha mtu. Watu wa huko walijengea nyumba, wakasukia mikeka na kutengenezea mashua, na waandishi wao walichonga ncha ya tete wakawa wanaigandamiza kwenye kibao cha udongo mbichi, na kwa namna hiyo mwandiko wa kikabari ukapata umbo lake. Tete hilohilo ndilo lililokuwa rula yao. Qanu lilikuwa jina la mmea na pia jina la kipimo cha urefu cha dhiraa sita, yaani karibu mita tatu. Wasomaji wa Biblia watakumbuka sura ya 40 ya kitabu cha Ezekieli, nabii aliyeishi uhamishoni Babeli, ambamo mtu anapima hekalu kwa mwanzi wa kupimia wenye urefu wa dhiraa sita. Neno la Kiebrania linalosimama nyuma ya mwanzi huo ni qaneh.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu neno hilo limo katika Kiswahili likiwa karibu na umbo lake la asili. Fungueni Kutoka 30:23 katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, mahali Musa anapoelekezwa namna ya kutengeneza mafuta matakatifu ya upako. Baada ya manemane na mdalasini inatajwa kane, shekeli mia mbili na hamsini. Watafsiri hawakupata jina la Kiswahili la mmea huo wenye harufu nzuri, wakaamua kuliandika neno la Kiebrania kwa matamshi yetu. Kane ya Kutoka na cane ya Kiingereza ni neno moja lililopita njia mbili: moja ndefu kupitia Ugiriki, Roma na Ufaransa, nyingine fupi kutoka Kiebrania moja kwa moja.

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta matunda mengi zaidi kwetu. Wagiriki walitoa katika kanna neno jingine, kanon, kwa maana ya fimbo iliyonyooka ambayo fundi seremala au mwashi huiegemeza ukutani au kwenye ubao ili aone kama kazi yake imepinda. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi. Kutoka kwenye fimbo ya fundi neno likahamia kwenye kigezo chochote, kisha kwenye sheria. Wakristo wa mwanzo walilitumia kwa orodha ya vitabu vitakatifu na kwa maamuzi ya mitaguso, na ndiyo maana hadi leo Kanisa Anglikana la Afrika Mashariki lina mapadri wenye cheo cha Kanoni. Waarabu walilichukua wakalitamka qanun. Ibn Sina aliliweka kwenye jina la kitabu chake kikubwa cha tiba, kilichokamilika takriban mwaka 1025, na Waturuki wanamwita Sultani Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, kwa lakabu ya Kanuni, kutokana na sheria alizozipanga. Kiswahili kikalipokea kutoka Kiarabu na kulifanya neno la kila siku: tuna Kanuni za Kudumu za Bunge, kanuni za kilimo bora, na mwanafunzi wa hisabati anakariri kanuni ya kutafuta eneo la duara. Anayesema kanuni anataja, kwa asili yake, tete lililonyooka.

Unyoofu ulizaa kanuni. Uwazi wa ndani wa tete ulizaa ukoo mwingine. Kilatini kilikuwa na canalis, bomba au mfereji, ambalo Kiingereza kimelifanya canal na channel. Waitalia waliita silaha ya mzinga cannone, yaani tete kubwa, na Wahispania wakaliita bonde lenye kuta ndefu cañón, bomba la ardhi. Kilatini pia kilikuwa na neno la udogo, cannula, katete, na hilo ndilo kila muuguzi wa Dodoma au Mombasa analitamka anaposema mgonjwa awekewe kanula ili apate dripu. Waarabu walifuata mkondo uleule bila kuwaiga Wazungu: qanah kwanza ilikuwa mti wa mkuki, kisha ikawa mfereji, na Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869 huitwa kwa Kiarabu Qanat as-Suways. Kituo cha televisheni nacho kinaitwa qanah.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Kiswahili kilipitia njia hiyohiyo ya fikra kwa maneno yake chenyewe. Mzinga ni gogo lililochongwa ndani likawa wazi ili nyuki waingie, na jina hilo ndilo tulilolipa silaha inayorusha makombora kupitia uwazi. Mrija ni kijiti chenye tundu cha kunywea pombe au maji. Leo tuna mirija ya uzazi hospitalini, na miaka ya Azimio la Arusha watu walihimizwa kuikata mirija ya wanyonyaji. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Mtu yeyote aliyewahi kushika kitu chembamba chenye tundu ndani atafikiri hivyo.

Kuhusu muwa, bakora na henzerani nina machache, na ningependa wenye ujuzi waseme kwanza. Karibuni.

MKAAZI WA MKUNAZINI

Ahsante sana ndugu yangu kwa mada nzito. Umetaja kanuni ya Bunge na ya hisabati, lakini sisi wa Unguja tunayo nyingine ambayo haikutajwa, nayo ni ganuni ya taarab. Wengine wanaiandika kanuni au qanuni. Ni chombo chenye umbo la trapeza, kinalazwa mapajani au juu ya meza ndogo, na nyuzi zake zimepangwa tatu tatu, kila tatu zikitoa sauti moja. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na kwenye kila pete huchomekwa kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi. Ubavuni, upande wa kushoto, kuna vijiti vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa ili kupandisha au kushusha sauti kwa kiasi kidogo sana katikati ya wimbo, na mpigaji mzuri hufanya hivyo bila kuukatiza mkono wa kulia.

Wazee wanasimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Kairo ajifunze chombo hiki, na kwamba ndiye aliyewafundisha wengine aliporudi. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, imekilinda chombo hiki hadi leo. Swali langu ni hili: je, ganuni hii ni neno lilelile la sheria, au ni mfanano wa sauti tu?

MLETA UZI

Ndugu wa Mkunazini, ni neno lilelile, na sababu yake inapendeza. Wanafalsafa wa Kigiriki wa kundi la Pythagoras walikuwa na chombo chenye uzi mmoja uliotandikwa juu ya ubao wenye alama za vipimo. Hawakukitumia kwa ngoma wala karamu. Walikitumia kupimia uhusiano wa sauti: ukiukata uzi katikati unapata sauti ileile kwa juu, ukiukata kwenye theluthi mbili unapata nyingine inayokubaliana nayo. Kwa kuwa kilikuwa chombo cha kupimia, walikiita kanon, rula. Jina hilo likaja kushika chombo cha nyuzi nyingi, likaingia katika Kiarabu, kisha likavuka bahari hadi Unguja. Kwa hiyo vile vijiti vya chuma ulivyovieleza, ambavyo kazi yake ni kupima sauti kwa uangalifu, vinaendeleza kazi ya jina lenyewe.

KIJANA WA TURIANI

Mkuu, mimi nimekulia kwenye miwa na baba yangu ni mkulima wa nje, yaani tunalima mashamba yetu na kukiuzia kiwanda. Nimesoma maelezo yako kuhusu uwazi wa tete, na kuna jambo ambalo halinikai sawa. Muwa hauna uwazi. Ukikata pingili kwa panga, unakuta nyama nyeupe iliyojaa maji kuanzia ganda hadi katikati. Ukikuta muwa una tundu katikati, basi huo umezeeka au umeshikwa na ugonjwa, na sukari yake imepungua. Sasa iweje Wazungu wauite kwa jina la kitu chenye tundu?

Niongeze pia kwa faida ya wasomaji kwamba muwa haupandwi kwa mbegu za kawaida. Tunakata pingili zenye macho mawili au matatu, tunazilaza kwenye mtaro na kuzifukia, na kila jicho hutoa chipukizi. Wakati wa kuvuna tunakata chini kabisa, karibu na ardhi, kwa sababu utamu mwingi uko shinani na unapungua kadiri unavyopanda kileleni. Mtoto yeyote anayetafuna muwa anajua hivyo, na kiwanda nacho kinajua. Baada ya kukata, kisiki kinachipua tena, tunavuna msimu unaofuata bila kupanda upya. Na muwa uliokatwa haungoji. Ukikaa siku kadhaa juani kabla ya kusagwa, sukari inashuka na mkulima anapata hasara kwenye mizani.

MLETA UZI

Kijana wa Turiani, swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoyasoma vitabuni, na nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Watu wa Mediterania hawakuufahamu muwa. Chimbuko lake ni kisiwa cha Guinea Mpya, ambako watu waliufuga kutoka kwenye nyasi za porini maelfu ya miaka kabla ya Kristo, kisha ukasafiri hadi kusini mwa Asia, na India ndiko watu walikojifunza kuchemsha maji yake hadi yagande. Wakati jeshi la Aleksanda wa Makedonia lilipofika bonde la mto Indus, karibu mwaka 325 kabla ya Kristo, jemadari wake Nearkho alieleza kwamba huko kuna matete yanayotoa asali bila nyuki. Huyo ni mtu anayeona mmea mgeni na kuuita kwa jina la mmea wa kwao unaofanana nao kwa nje: shina refu lililonyooka, pingili zenye vifundo, majani marefu yenye makali. Hakuupasua ili auchunguze kama wewe. Waarabu nao walifanya vivyo hivyo, kwani wao huuita qasab as-sukkar, na qasab ni neno jingine la Kiarabu la tete. Kwa hiyo Kiingereza kilipounganisha sukari na cane, kilifuata desturi iliyokuwepo tangu enzi za Aleksanda. Kibayolojia hawakukosea sana pia, kwa sababu muwa, tete, mwanzi, mahindi na mtama vyote ni vya familia ya nyasi.

Neno sukari lenyewe lina safari yake. Katika Kisanskriti sharkara lilimaanisha changarawe, kwa sababu ya zile chembe zinazobaki maji yakikauka. Likapita Kiajemi, likawa sukkar kwa Kiarabu, likafika kwetu. Neno muwa halimo katika safari hizo. Kiswahili hakikuuona mmea huu kuwa aina ya tete wala fimbo. Kiliupa jina lake peke yake, na ndiyo maana hatuna utata unaowasumbua Waingereza.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo hatuwezi kuipita. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi, yaani Mauritius na Réunion za leo. Katika karne ya 19, Waingereza walipokwisha kuitwaa Mauritius, miwa ilikuja kulifunika karibu kila zao jingine la kisiwa hicho. Watu waliotekwa kutoka bara letu, kutoka kusini mwa Tanzania ya leo na kaskazini mwa Msumbiji, walipoteza lugha zao huko, na watoto wao wakakua wakizungumza Krioli iliyotokana na Kifaransa. Katika Krioli hiyo muwa huitwa kann. Neno la Babeli limo kinywani mwa watu ambao mababu zao wengine walitoka Kilwa, na lilifika hapo kwa minyororo. Kila ninapoona kitabu kinachoeleza asili ya neno cane kwa kupitia Roma na Paris pekee, naona kwamba sura hii imeachwa.

MWALIMU MSTAAFU

Wanangu, nimewasoma wote kwa furaha. Nimefundisha shule za msingi kwa muda mrefu na ningependa kueleza upande wa fimbo, kwa kuwa vijana wengi siku hizi huchanganya majina.

Bakora kwa asili si fimbo yoyote. Ni fimbo ya kutembelea yenye kishikio kilichopinda, ambayo mzee wa pwani hushika anapokwenda msikitini au barazani, na iliyosifika zaidi ilikuwa ya mtobwe, mti mweupe na mgumu. Jina limetoka Kiarabu na huko Arabuni bado linatumika kwa fimbo ya aina hiyo. Maana ya kuchapa imekuja baadaye, tukawa tunasema mtu amepigwa bakora hata kama alichapwa kwa ufito wa mpera. Mkongojo ni kitu tofauti, ni wa kujiegemeza kwa aliyedhoofika. Mkwaju ni mti wa ukwaju, na kwa kuwa fito zake hazikatiki upesi, jina la mti likawa jina la adhabu, na sasa watangazaji wa mpira wanazungumzia mikwaju ya penalti.

Kiboko kina historia chungu zaidi. Ni mjeledi wa ngozi ya mnyama kiboko, na wakati wa utawala wa Wajerumani watu walichapwa viboko 25 kwa hesabu iliyojulikana kama hamsa ishirini. Mjeledi wenyewe umetoweka, lakini mwalimu anayekata kijiti leo bado anasema atakupa viboko viwili. Kwa upande wa sheria, kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, ilhali Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Mimi binafsi nilifikia uamuzi wa kuiacha fimbo darasani miaka mingi kabla ya kustaafu, na watoto hawakuharibika.

Sasa naomba unieleze, mwanangu: Mwingereza anaposema cane kwa adhabu ya shule, anakusudia kijiti gani hasa?

MLETA UZI

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa darasa. Wanachokusudia kwa kawaida ni henzerani. Hii ni mitambaazi ya jamii ya mitende inayoota katika misitu ya kusini mashariki mwa Asia, yenye shina refu, jembamba, lililojaa ndani na linalokunjika bila kuvunjika. Wafanyabiashara wa Ulaya walipoifikia, waliiona ina pingili na unyoofu, wakaiita cane kama walivyokuwa wameuita muwa. Zile za bandari ya Malacca zilitengenezewa fimbo za mabwana wa London, nyembamba zaidi zikapelekwa shuleni, na ganda lake lililochanwa kuwa nyuzi likasukiwa viti. Kwa hiyo zile maana tatu, fimbo ya kutembelea, adhabu na samani, zimekutana kwenye mmea mmoja wa biashara, na mtafsiri anayejua hivyo hatashangaa kuzikuta katika ukurasa mmoja.

Sisi henzerani tuliipata kwa Waarabu, wanaoiita khayzuran. Jina hilo liliwahi kuwa la mwanamke mashuhuri, al-Khayzuran, mama wa Khalifa Harun al-Rashid, ambaye alifariki mwaka 789. Alipewa kwa sababu ya umbo lake jembamba na laini. Fundi wa viti anayefanya kazi hiyo hulowesha kwanza nyuzi za henzerani majini ili zilegee, huzipitisha kwenye matundu ya fremu kwa mistari ya wima na ya mlalo, kisha huongeza mishazari miwili, na zikikauka zinajikaza zenyewe na kiti kinakuwa kigumu bila misumari.

Kuhusu fimbo, ningependa kuongeza maana moja yenye heshima. Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, aliyepoteza uwezo wa kuona, aliipaka rangi nyeupe fimbo yake ili madereva wamwone, na miaka 10 baadaye Guilly d'Herbemont alianzisha mpango wa kuwagawia wasioona wa Paris fimbo za aina hiyo. Kiswahili kimetafsiri jambo hilo kuwa fimbo nyeupe, na Siku ya Fimbo Nyeupe huadhimishwa kila tarehe 15 Oktoba. Wangeiita bakora nyeupe ingeleta fikra ya kuchapwa. Fimbo ni neno pana zaidi, na waliochagua walichagua vizuri.

MSOMAJI WA BOLOGNA

Ndugu zangu, naishi Italia na nina mambo mawili. La kwanza, hapa neno cane, linalotamkwa kane, maana yake ni mbwa. Je, lina uhusiano na hili tunalojadili? La pili, nimewahi kusikia mhadhiri akidai kwamba ile kane ya kitabu cha Kutoka ilikuwa bangi, na kwamba hata jina la kisayansi la bangi, Cannabis, linathibitisha. Naomba maelezo, kwa sababu jambo hilo linasambazwa sana mitandaoni na linawakwaza watu.

MLETA UZI

Ndugu wa Bologna, la kwanza ni rahisi. Mbwa wa Kiitalia ametoka kwenye neno la Kilatini canis, ambalo halina uhusiano wowote na canna. Kiitalia kimelitunza tete kama canna, kwa n mbili, na ukiingia duka la vyakula hapo ulipo utaliona katika cannelloni, tambi nene zenye umbo la bomba, na katika cannella, jina lao la mdalasini, kwa sababu ganda la mdalasini likikauka hujikunja kama tete. Yapo maneno mengine yanayowadanganya watu kwa sauti. Mtumbwi wa Kiingereza, canoe, umetoka lugha za wenyeji wa visiwa vya Karibi. Pipi inayoitwa candy inatengenezwa kwa sukari ya miwa, lakini jina lake limetoka Kisanskriti khanda, kipande, kupitia Kiajemi na Kiarabu qand. Kalamu pia inahitaji tahadhari: ni tete kweli, kwani Wagiriki waliita tete kalamos na Waarabu wakasema qalam, lakini mzizi wake ni mwingine kabisa.

La pili linahitaji uangalifu. Dai hilo lilitolewa mwaka 1936 na mwanaanthropolojia wa Kipolandi, Sula Benet, aliyeona kwamba maneno mawili ya Kiebrania, qaneh na bosem, yakisomwa pamoja yanakaribiana na kannabis ya Kigiriki. Wataalamu wengi wa lugha na wa Biblia hawakulikubali. Bosem ni neno la kawaida la Kiebrania lenye maana ya manukato, na linatumika katika mstari huohuo kwa mdalasini pia, kwa hiyo hakuna sababu ya kulishonea qaneh peke yake. Isitoshe, qaneh katika Agano la Kale linatajwa mara nyingi kwa maana ya tete la mtoni, kipimo, mti wa mizani na matawi ya kinara cha taa, na bangi haiwezi kuingia katika matumizi hayo hata kimoja. Wengi wanaona kane ya Kutoka ilikuwa tete lenye harufu linaloota majimaji, lile ambalo wanabotania wanaliita Acorus calamus, au nyasi yenye harufu ya jamii ya Cymbopogon. Jamii hiyo ya pili mnaifahamu nyote, kwa sababu mchaichai uliopandwa nyuma ya nyumba nyingi za pwani na bara ni wa humo.

Nawaomba wenye lugha nyingine za Afrika Mashariki waendelee: je, kuna mahali ambapo tete au mwanzi uliwahi kutumiwa kupimia shamba au nyumba, na kipimo hicho kikabaki na jina la mmea? Nimesikia habari za kamba na za hatua za miguu, lakini za tete bado.